Supu ya pweza Chake Chake, na ubishi wa mafuta ya Chávez

Jamaa wanaorudi Pemba kutoka Muscat na Mombasa huniuliza wale wapi asubuhi, na huwajibu hivi: nendeni mkahawa wa supu ya pweza ulio nyuma ya soko la Chake, ule wenye meza mbili ndefu za mbao na dele la kahawa linalokaa juu ya jiko la makaa mlangoni. Hauna bango. Ukiuliza "kwa supu" mtu yeyote sokoni atakuonesha. Nausifu kwa chakula, na nausifu zaidi kwa mazungumzo, maana pale kimoja hakiji bila chengine.

Nianze na bakuli. Pweza huletwa alfajiri na wavuvi wa Kojani, akapondwa mpaka alainike, kisha huchemshwa kwa maji yake mwenyewe na thomu, tangawizi na pilipili manga. Ndimu hutiwa mwisho, jungu likishateremshwa. Supu hutoka na rangi ya zambarau iliyofifia. Kwengine nimepewa supu nyeupe ya pweza, na nyeupe maana yake maji yamezidi na pweza amepungua. Hapa nyama inakubali jino mara moja, haivutani na mtu. Bakuli ni shilingi elfu mbili, na mwenye mkahawa haoni tabu kukuongezea mchuzi ukimaliza nyama mapema. Vya kulia ni chapati, muhogo wa kuchemsha, na siku nyengine mkate wa mofa, ambao ndio hasa unaostahiki supu hii. Maandazi siyasifu. Hukaangwa mapema mno, na ikifika saa mbili yameshakuwa magumu na yana mafuta.

Anayepika ni Bi Mkubwa mwenyewe. Kijana wake huhudumia meza, ni mwepesi na mwenye adabu, ila hukumbuka kahawa za wazee kabla ya chai za vijana. Televisheni iko juu ya friji na sauti yake ni kubwa kupita haja. Lakini televisheni hiyo ndiyo inayoleta ubishi, kwa hivyo sitaomba izimwe.

Siku ninayotaka kuielezea, habari zilikuwa za Venezuela: watu wamebeba mabegi wanavuka mpaka. Mzee mmoja baharia, aliyefanya kazi kwenye meli za mafuta ujanani mwake na anayeijua bandari ya Maracaibo kwa macho, aliweka kijiko chini akasema haya yasingetokea kama Hugo Chávez, aliyekuwa rais wao, angekuwa hai.

"Yakhe, yule mtu alikuwa na moyo," alisema. "Kakaa kwao Caracas, kamfikiria bibi kizee wa Boston anayetetemeka kwa baridi. Serikali yake mwenyewe yule bibi haikumfikiria."

Na si porojo. Mwaka 2005 kampuni ya Citgo, iliyoko Marekani lakini mali ya shirika la mafuta la Venezuela, PDVSA, ilianza kuwauzia watu wa kipato cha chini mafuta ya kupashia nyumba moto kwa punguzo la asilimia 40, kwanza Massachusetts na mtaa wa Bronx, New York. Miaka miwili baadaye ikawa zamu ya London. Meya Ken Livingstone alifunga mkataba wa kupata mafuta kwa bei nafuu, na watu wanaoishi kwa posho ya serikali wakapanda basi kwa nusu nauli. Boris Johnson alipouchukua umeya mwaka 2008 aliusitisha.

Mwalimu kijana anayefundisha uchumi aliomba ruhusa ya kusema. Hilo nalo nalisifu: pale watu hawakatizani maneno, mdogo humwambia mkubwa "niruhusu ami" kabla ya kumpinga. Akauliza, "Na wale wa Alaska, ami?" Mwaka 2006 Chávez alisimama Umoja wa Mataifa akamwita George Bush shetani, na baadaye vijiji kadhaa vya Alaska vikakataa mafuta yake, na huko baridi si ya mchezo. Muuza samaki aliyekuwa akisubiri chenji alisema angeyachukua mafuta na matusi yake. Watu wakacheka, lakini mwalimu hakucheka. Alisema zawadi ikishafungwa pamoja na siasa, anayeipokea hulazimika kuamua anapokea nini hasa.

"Mkono mtupu haulambwi," akajibu muuza samaki. Na ni kweli kuwa Chávez alitaka kitu. Mwaka ule ule wa 2006 Venezuela iligombea kiti cha muda kwenye Baraza la Usalama dhidi ya Guatemala, ikategemea kura za nchi ilizokuwa ikizisaidia. Kura zikapigwa mizunguko zaidi ya arubaini bila mshindi, mwisho kiti kikapewa Panama.

Hapo baharia akaleta hoja yake nzito, nayo ni Cuba. Tangu mwaka 2000 Venezuela iliipelekea Cuba mapipa 53,000 kwa siku kwa masharti nafuu, baadaye zaidi ya hapo, na Cuba ikalipa kwa madaktari. Maelfu yao waliingia mitaa ya milimani ya Caracas ambako daktari hakuwahi kupanda. Kisiwani kwetu jambo hili halihitaji maelezo marefu. Tuna skuli inayoitwa Fidel Castro hapa hapa Pemba, na Zanzibar madaktari wa Kicuba tumewaona kwa macho yetu. Mtu aliyetibiwa na mgeni bila kuulizwa pesa hamuelewi anayesema msaada wa nje ni ubadhirifu. Baharia alisema hivyo kwa sauti ya kutetemeka, na meza nzima ilinyamaza. Mimi pia nilimkubalia.

Bali mimi ni mtu wa mizani. Misimu ya karafuu hukaa kituoni nikipima magunia, na nimeona mkulima anavyosimama: hanitazami usoni, hutazama sindano. Kisiwa hiki kinajua maana ya kuishi kwa zao moja. Babu zetu walichuma karafuu zilizouzwa kwa bei kubwa duniani, wao wakalipwa sehemu ndogo, na ndiyo maana madau yalivuka usiku kwenda Kenya na karafuu za magendo. Bei ilipopandishwa na mkulima akaahidiwa asilimia 80 ya bei ya dunia, magendo yalipungua sana bila hata ya mahubiri. Kwa hiyo nikisikia kiongozi ametoa mali ya zao moja nje ya nchi, siulizi kwanza kama alikuwa na moyo. Nauliza mwenye zao alisimama wapi wakati wa kupima.

Na hapo ndipo Chávez ananishinda kumtetea. Mwaka 2005 alianzisha Petrocaribe, mpango wa kuzipa nchi za Karibi na Amerika ya Kati mafuta kwa mkopo: sehemu moja hulipwa ndani ya siku 90, iliyobaki husambazwa hadi miaka 25 kwa riba ya asilimia 1 bei ya mafuta ikiwa juu. Nyengine zililipa kwa mchele au maharagwe. Mwaka huo huo ukaundwa mfuko wa Fonden, uliopokea mabilioni ya dola ya mafuta na kuyatumia nje ya bajeti inayopitishwa na bunge. Ahadi nyingi kwa nchi za nje Wavenezuela walizisikia kwenye hotuba zake na kwenye kipindi chake cha televisheni cha Jumapili, zimeshaamuliwa. Mwaka 2007 aliipelekea Nicaragua mitambo ya umeme. Mwaka 2010 kwao Venezuela umeme ukawa wa mgao, na katika bandari ya Puerto Cabello maelfu ya tani za chakula kilichonunuliwa nje kwa fedha za mafuta yakakutwa yameoza ndani ya makontena. Wapinzani wake walimwambia kwa msemo wa kwao kuwa yeye ni taa ya mtaani na giza la nyumbani.

Baharia alinirudi vizuri. Kama watu walichukia, mbona walimchagua tena na tena? Mwaka 2006 alipata zaidi ya asilimia 60 ya kura, na mwaka 2012, akiwa mgonjwa wa saratani, alishinda tena. Umaskini ulikuwa umepungua sana katika miaka ya mafuta ghali. Maskini wa Caracas alipata daktari, alipata duka la chakula cha bei nafuu, na mafuta ya gari yalikuwa karibu na bure. Jibu hili ni la haki, na anayemhukumu Chávez bila ya kulijibu hajawasikiliza Wavenezuela wenyewe. Mtu aliyeshiba kwake haoni uchungu jirani akipewa. Uchungu ulikuja baadaye, Chávez akiwa ameshafariki Machi 2013, bei ya mafuta ilipoanguka mwaka 2014 na hazina ikakutwa haina akiba ya kushika. Mwaka 2015 Jamaica ililipa kiasi cha dola bilioni 1.5 kufuta deni la Petrocaribe la takriban bilioni 3, kwa sababu Venezuela ilikuwa na shida ya fedha taslimu kuliko ya haki yake.

Waliopewa nao si wote waliofaidika. Haiti ilipata karibu dola bilioni 2 kupitia mpango huu, na mwaka 2018 vijana wake walijaa mitaani wakiuliza pesa za Petrocaribe ziko wapi. Mwalimu alipolisema hili, muuza samaki aliweka kapu chini akakaa.

Gaddafi alitajwa, kama anavyotajwa kila ubishi huu unapoanza. Wengi pale wanampenda, na wana sababu: msikiti mkubwa wa Kampala uliofunguliwa mwaka 2008 ni fedha za mafuta ya Libya, na Umoja wa Afrika aliugharamia kwa mkono mpana. Mzee mwengine akakumbusha kwamba mafuta hayo hayo ndiyo yaliyowaleta askari wa Libya Uganda mwaka 1979 kumpigania Idi Amin dhidi ya vijana wetu. Hakuna aliyeendelea nalo.

Aliyeufikisha ubishi pahala pake ni Bi Mkubwa. Alikuwa anamimina mchuzi, hakugeuka hata kidogo. "Nyinyi wanaume mnabishana mafuta ya watu kama hamjayala. Friji hii inaganda kwa mafuta ya nani?"

Alikusudia waya wa umeme. Kabla ya mwaka 2010 Pemba iliishi kwa majenereta ya dizeli ya Wesha, na kila aliyekuwepo anakumbuka samaki walivyoharibika umeme ukikatika. Mwaka huo tukaunganishwa na Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka Norway, nchi yenye mafuta. Kwa hiyo sisi pia ni wapokeaji, kama wale wa Bronx. Tofauti niionayo, na niliisema pale, ni kwamba mafuta ya Norway huwekwa kwenye mfuko ulioanzishwa mwaka 1990, na msaada wa nje hupita kwenye bajeti ya bunge lao, kila mwaka, hadharani. Mnorway anayechukia umeme wa Pemba ana pa kulalamikia kabla waya haujalazwa. Mvenezuela aliambiwa ikiwa imekwisha.

Baharia hakuridhika. Alisema Norway hutoa kilichozidi, Chávez alitoa akiwa na maskini wake nyumbani, na utoaji huo ndio mkubwa mbele ya Mungu. Mwalimu akamwambia, "Kwa mali yake mwenyewe, ami, sawa." Hawakukubaliana, na kahawa ikaongezwa.

Ubishi huu kwetu ni wa karibu kuliko unavyoonekana. Tundauwa, si mbali na mji, mafuta yamekuwa yakivuja ardhini yenyewe tangu enzi. Mwaka 1968 mafuta yaliingizwa katika mambo ya Muungano, na ikachukua hadi mwaka 2015 sheria kuiruhusu Zanzibar isimamie yake. Mwaka 2018 serikali ilitia saini mkataba wa mgawano wa uzalishaji, yaani wa kugawana mafuta au gesi ikipatikana, na kampuni ya RAK Gas ya Ras al-Khaimah, Falme za Kiarabu, kwa kitalu cha Pemba–Zanzibar. Mimi nataka mkataba kama ule uwekwe pale wananchi watakapousoma, kwa Kiswahili, kabla pipa la kwanza halijauzwa. Nimelisema mkahawani na nalisema hapa.

Jambo moja linanikera kuhusu pahala hapa, nalo Bi Mkubwa analijua kwa sababu nimemwambia: wanawake huja na vyombo, hununua, huondoka. Ubavuni kuna nafasi ya kutosha meza ya tatu na pazia. Ubishi ule ungekuwa bora zaidi wangekaa, na yeye mwenyewe ni ushahidi.

Kahawa ni tungu, ya kifinjani, shilingi mia, na mezani kuna halua ya Wete kwa anayeitaka. Fikeni kabla ya saa mbili asubuhi; saa nne jungu huwa tupu. Ijumaa hufungwa mapema kwa ajili ya Sala. Anayetaka kichwa cha pweza amwambie kijana siku moja kabla, na alipe kabisa.