Orto Botanico ya Padova: usiipite ukifika Italia

Kutoka Venice hadi Padova ni kama nusu saa kwa treni, na Orto Botanico, yaani bustani ya mimea, iko jirani tu na Basilika la Mtakatifu Antonio. Wageni wengi wanaishia basilika, wanapiga picha, wanarudi stesheni. Wanakosa mengi.

Bustani hii ni ya Chuo Kikuu cha Padova. Ilianzishwa mwaka 1545 ili wanafunzi wa utabibu waijue mitishamba kwa macho yao wenyewe, maana enzi hizo dawa nyingi zilitoka kwenye mimea, na tabibu akichanganya majani anaweza kumpa mgonjwa sumu. Mpaka leo iko palepale, na tangu 1997 ni Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Kilichonigusa kuliko vyote ni ukuta wa mviringo. Ulijengwa mwaka 1552 kwa sababu wezi walikuwa wakiingia usiku kuiba mimea ya dawa, ambayo bei yake ilikuwa kubwa. Ndani yake kuna vitalu vidogo vidogo vyenye kingo za mawe, kila mmea na mahali pake. Usipite haraka kwenye mimea ya sumu: mingi ni dawa ikipimwa vizuri. Mtu yeyote aliyelelewa na bibi anayejua mizizi na magome atajisikia yuko kwao.

Kisha nenda kwenye kibanda cha vioo chenye pembe nane. Humo umo mti wa jamii ya mitende, wa aina ambayo kwa kawaida huwa mifupi, uliopandwa mwaka 1585, majani yake yametanuka kama ya mkoma wetu wa pwani, mashina kadhaa yamepanda kuelekea paa. Goethe, mwandishi mashuhuri wa Kijerumani, aliuona mwaka 1786 ukamfikirisha sana kuhusu namna mimea inavyojibadili umbo. Mimi niliuzunguka mara kwa mara, sikutaka kuondoka. Nje ya ukuta kuna mti wa platano wa mwaka 1680: shina lina uwazi mkubwa ndani, lakini juu matawi yamejaa majani mabichi.

Nyumba mpya za vioo, zilizofunguliwa mwaka 2014, zimepangwa kwa hali ya hewa, kuanzia msitu wa mvua hadi jangwa. Watoto watazipenda. Kwa aliyekulia Tanga, joto lile si jambo geni, kwa hiyo muda wako mwingi uweke kwenye duara la zamani. Nenda asubuhi, majira ya kuchipua yakishakolea, na uvae viatu vya kutembelea.