Moduli ya IRF520: transista nzuri iliyopewa kazi isiyoiweza

Nilinunua moduli hii, yaani bodi ndogo yenye transista ya IRF520 inayofanya kazi kama swichi, ili niendeshe pampu ya maji ya volti 12, inayotumia takriban ampea 2, kwa amri ya Arduino, bodi ndogo ya kielektroniki inayoprogramiwa. Muuzaji alikuwa ameandika kwamba inakubali ishara ya volti 3.3 hadi 5. Kwa volti 5 pampu ilizunguka kwa unyonge, na baada ya dakika chache transista ilikuwa haishikiki kwa joto. Kwa volti 3.3 pampu haikuzunguka kabisa.

Ni haki kusema kwamba kosa si la transista yenyewe. IRF520 ni mosfeti (transista inayoongozwa na volteji) ya chaneli N inayostahimili volti 100, na maelezo yake ya kiufundi yanaahidi ukinzani usiozidi omu 0.27 inapowashwa, ila ahadi hiyo ina sharti ambalo tangazo halikulitaja: geti, yaani mguu unaopokea ishara, lipate volti 10. Wengi wetu husoma volteji ya kizingiti, ambayo ni volti 2 hadi 4, tukaamini kwamba volti 5 zinatosha na kusaza. Kizingiti hicho hupimwa mkondo ukiwa mikroampea 250 tu, yaani robo ya miliampea. Hapo transista ndiyo kwanza inaanza kupitisha umeme, wala haijafunguka. Geti lisiposhiba, transista hubaki nusu wazi na kuzigeuza joto volti ambazo pampu ilizihitaji. Mita yangu ilionyesha zaidi ya volti 1 ikipotea kati ya dreni na sosi, miguu miwili ambayo mkondo wa pampu hupitia.

Niliing'oa na kulehemu mosfeti nyingine, IRLZ44N, mahali pake, kwa kuwa mpangilio wa miguu ni uleule. Hii imetengenezwa kwa ajili ya ishara ndogo: geti likiwa na volti 5, ukinzani wake hauzidi omu 0.025, hivyo kwa ampea 2 hupoteza wati 0.1, ilhali IRF520, hata ikipewa volti 10 kamili, inaweza kupoteza zaidi kidogo ya wati 1. Pampu sasa inavuta maji kwa nguvu zake zote, na transista haihitaji kipoza joto.

Jambo jingine lililonisikitisha ni kwamba bodi haikuwa na dayodi ya kuikinga transista dhidi ya volteji inayoruka pale koili ya mota inapokatiwa umeme ghafla. Niliongeza dayodi ya 1N5822 sambamba na pampu, pamoja na rezista ya kiloomu 10 kati ya geti na sosi, ili pampu isijiwashe wakati Arduino inaanza.

Mwenye volti 10 au 12 za kulisha geti anaweza kuinunua moduli hii bila wasiwasi. Anayetumia bodi ya volti 3.3 aiache, na asikimbilie IRLZ44N pia, kwa sababu ukinzani wake umedhaminiwa kuanzia volti 4; atafute mosfeti ambayo ukinzani wake umeandikwa kwa geti la volti 2.5.