Uzoefu wangu na ampli ya gitaa ya valvu ya kujiundia, hasa upande wa kurekebisha toni

Nimekaa na hii ampli muda wa kutosha, sasa naweza kuiongelea. Ni ile inayokuja vipande vipande kwenye boksi, transfoma mbili, ubao, rezista (za kupunguza umeme) na kapasita (za kuhifadhi chaji na kuchuja sauti) kwenye vifuko, valvu tatu (zile taa za kioo), halafu kulehemu unalehemu mwenyewe. Saketi yake ni ile ya Fender Champ 5F1 ya miaka ya 1950, yaani valvu ya 12AX7 moja mbele (ndani yake ina nusu mbili, kila moja inakuza sauti kwa zamu yake), 6V6 moja ya kusukuma spika na 5Y3 ya kugeuza umeme uwe DC, nguvu yake kama wati 5 hivi. Nobu iko moja tu, ya volyumu. Besi hakuna, trebo hakuna, na hapo ndo watu wengi wanapoiogopa, wanajiuliza sasa toni nitaitoa wapi. Mimi naona hapo ndo utamu wake ulipo, kwa sababu saketi ni fupi kiasi kwamba kila kipande ukikibadilisha unakisikia, na ukishaielewa unaipangia toni yako mwenyewe kwa vipande vya bei ndogo kabisa.

Niseme ya ubora kwanza. Transfoma ni nzuri, hazichemki kupita kiasi, mvumo upo kidogo ila ukianza kupiga huusikii. Kilichoniudhi ni maelekezo, maana muuzaji anakupa mchoro wa wapi kila kitu kinakaa lakini hakuna hata mstari mmoja unaokwambia kipande fulani kinafanya kazi gani, mtu ambaye ndo anaanza ataunda, itawaka, halafu atabaki na toni ya kiwandani bila kujua kwamba inagusika.

Na hiyo toni ya kiwandani ikoje? Kwa gitaa la singo koili (pikapu, yaani kinasa sauti ya nyuzi, chenye koili moja) iko safi, tamu, labda imetulia sana. Kwa hambaka (pikapu ya koili mbili, sauti nene), hasa pikapu ya karibu na shingo, ukifungua volyumu kupita nusu nyuzi nene zinakuwa kama uji, unapiga uzi wa sita unasikia mngurumo tu, mwanzo wa noti haujulikani uko wapi. Hilo ndo lilinifanya nianze kuifungua.

Kabla sijaendelea, jamani, humu ndani kuna zaidi ya volti 300 na kapasita kubwa za pawa zinabaki na chaji hata ukishachomoa waya ukutani. Chomoa, toa chaji kupitia rezista yenye waya uliofunikwa vizuri, pima na mita mpaka usome karibu sifuri, ndo uingize mkono. Kila mara, hata kama ni kipande kimoja unabadilisha. Na usiwashe bila spika kuunganishwa, utaunguza transfoma ya kutokea.

Haya, sehemu ya kwanza niliyogusa ni kapasita inayopeleka sauti kutoka nusu ya pili ya 12AX7 kwenda 6V6. Ya asili ni mikrofaradi 0.022 na inafanya kazi na rezista ya kilo-omu 220, ukipiga hesabu inaanza kukata kwenye hezi (mitetemo kwa sekunde) 33 hivi kushuka chini, maana yake kwa gitaa haikati chochote, uzi wa sita wenyewe uko hezi 82. Nikaweka 0.0047, hapo ukataji unaanzia kama hezi 154 na ule uzi wa sita unabaki na chini ya nusu ya nguvu yake. Uji wote ukaisha! Ila na mwili wa sauti nao ukapungua, ukipiga peke yako unahisi kuna kitu hakipo, ingawa ukipiga na mtu wa besi inakaa vizuri mno kwa sababu hamgombanii sehemu moja. Mwisho nikatulia kwenye 0.01, katikati. Kumbuka hii kapasita inabeba volti nyingi, nunua ya volti 400 au 600, usiweke ya chini ya hapo.

Sehemu ya pili ndo ninayoipenda kuliko zote, kathodi (mmoja wa miguu ya valvu) ya nusu ya kwanza ya 12AX7. Kwenye 5F1 pale kuna rezista ya kilo-omu 1.5 peke yake bila kapasita. Ukiiwekea kapasita sambamba, gaini (kiasi cha kukuza sauti) ya hiyo hatua inakaribia kuwa mara mbili. Sasa ukiweka kubwa, mikrofaradi 25, inapandisha kila kitu, besi na trebo sawasawa, na kwa hambaka unarudi kwenye matope. Ukiweka ndogo kama 0.68 inaanza kupandisha kwenye hezi 150 kwenda juu, yaani nyuzi nene zinabaki pale pale na zile za kati na nyembamba zinasogea mbele. Tofauti yake unaisikia kwenye kidole: unapogusa uzi kwa pleki ule mkwaruzo wa mwanzo unatoka wazi, ukipiga kwa nguvu inakwaruza, ukilegeza mkono inasafika, bila kugusa nobu. Na uzuri mwingine, pale kathodi inakaa kwenye volti 1 na kitu tu, kwa hiyo kapasita ya volti 25 inatosha na unaweza kuweka swichi ya kuchagua, mimi nimeweka ya sehemu tatu, bila kitu, 0.68, na 25. Hiyo swichi imenipa toni tatu zinazoeleweka, na naitumia kila siku kuliko hata volyumu.

Ya tatu ni fidibaki. Kuna rezista ya kilo-omu 22 inayorudisha sauti kidogo kutoka kwenye spika mpaka kathodi ya nusu ya pili ya 12AX7, kazi yake ni kuituliza ampli. Ukiichomoa sauti inapanda, distosheni inakuja mapema, spika inakuwa huru zaidi. Wengine wanaipenda hivyo, mi naona bila fidibaki kabisa inakuwa kali na besi inalegea, kwa hiyo nikaunganisha poti (rezista ya kuzungusha) ya kilo-omu 100 mfululizo na ile rezista, sasa nazungusha kutoka utulivu mpaka ukali. Na kama umemaliza kuunda halafu ukiwasha inapiga mluzi mkali ambao hauishi, mara nyingi tatizo liko hapa hapa, fidibaki inarudi kinyume, zima, toa chaji, geuza waya mbili za transfoma upande wa spika, itanyamaza.

Kapasita ya kung'arisha, ile pikofaradi 120 inayoruka juu ya poti ya volyumu, nimeijaribu nikaitoa. Inasaidia ukiwa chini tu, kadiri unavyofungua volyumu ndo inavyopoteza kazi, ukifika mwisho haifanyi kitu.

Sasa kuhusu valvu, maana najua wapo watakaoniuliza. Kubadilisha 12AX7 ya kampuni hii na 12AX7 ya kampuni ile, tofauti ni ndogo sana, na mtu anayekushauri utumie hela nyingi pale kabla hujagusa zile kapasita anakupotosha. Kubadilisha aina ndo kunaleta maana. 12AX7 ukuzaji wake ni 100, 5751 ni 70, 12AY7 ni kama 44, zote zinaingia kwenye soketi ile ile na mguu kwa mguu. Nikiweka 12AY7 napata usafi mpaka volyumu iko juu kabisa, kwa nyimbo za taratibu naipenda. Hivyo hivyo na zile kapasita za bei mbaya zinazosifiwa sana, thamani ya mikrofaradi ndo inaamua toni, jina lililoandikwa juu yake sijalisikia likilia.

Spika, hapo sasa ni kitu kingine. Saketi hii ilizaliwa na spika ya inchi 8, nami nilianza nayo, nilipounganisha kabati la inchi 12 lenye omu zinazolingana na transfoma, besi ilijaa na ule ukali wa juu ukalainika, mabadiliko makubwa kuliko kapasita yoyote. Ikabidi nirudie kusikiliza kila kitu upya, ndo maana nashauri amua spika kwanza, kapasita baadaye.

Halafu namna ya kusikiliza. Kitu kikiongeza sauti hata kidogo sikio linakisifia hapo hapo, kwa hiyo baada ya kila badiliko rudisha volyumu ilingane na ya mwanzo ndo ulinganishe. Mimi narekodi kipande kile kile kwa simu, simu ikae sehemu ile ile, naacha mpaka kesho yake nasikiliza. Na usipangie toni kwenye sauti ya chumbani kama unataka kuitumia na bendi, kwa sauti ndogo besi inaonekana haitoshi, utaiongeza, ukifika mazoezini inakumeza.

Kwa ujumla naipa 4 kati ya 5, hiyo 1 imeondoka kwa ajili ya maelekezo. Mwenye hambaka aanze na 0.01 kwenda 6V6 na 0.68 kwenye kathodi. Mwenye singo koili aiache 0.022 ya asili kama ilivyo, ajaribu kwanza ile mikrofaradi 25 peke yake, wengi wataishia hapo.