Forodhani: nyota nne kati ya tano, na kubwa sio chakula

Wengi wakitoka Forodhani, ile bustani ya kando ya bahari Mji Mkongwe, Zanzibar, wanasimulia pizza na pweza, sawa, chakula ntakuja kukisema, ila jamani mimi kilichonikosha pale ni sehemu za kukaa. Ukuta wa baharini unakalika, kuna mabenchi, kuna majani, na hakuna mtu atakayekuuliza umenunua nini au uondoke umpishe mteja. Kuingia bure. Ndo maana unakuta mwenyeji, mtalii, mama na watoto wake na kijana asiye na hata mia wote wako sehemu moja, na mwenye hela na asiye nayo wanaangalia bahari ileile. Watu wa Mji Mkongwe wamekulia kwenye baraza za nje ya nyumba, kukaa na kupiga soga mpaka usiku ni maisha yao, kwa hiyo bustani iliyowapa pa kukaa wameichukua kama baraza yao kubwa. Wajenzi wa bustani za miji yetu waende wakaangalie hili, maana kuna bustani nzuri kabisa zina uzio, geti na bango la usikanyage majani halafu tunashangaa mbona hazina watu.

Bustani yenyewe ya zamani, ipo tangu miaka ya 1930, na hii sura ya sasa ni ya ukarabati wa taasisi ya utamaduni ya Aga Khan Trust for Culture, ilifunguliwa tena 2009.

Sasa muda wa kwenda. Mchana jua linachoma, watu wachache na wote wamejibana kivulini. Kuanzia alasiri ndo panaamka, wauzaji wanaanza kupanga meza na vijana wanakuja kuruka baharini, na hapo uombe maji yawe yamejaa maana maji yakitoka hakuna mchezo, yakijaa wanatoka mbio kutoka mbali wanajirusha kwa mitindo kila mmoja anataka amzidi mwenzake na watu wakizidi kujaa ukutani na simu zao ndo wanazidi kunogewa. Jua linazama upande wa bahari kwa hiyo wote mmegeukia huko, adhana ya magharibi ikilia wengine wanaondoka kuswali, taa zinawaka, kisha familia zinaanza kumiminika. Kwa mwenye watoto huu ndo muda wake, kuna mwanga na watu wengi, hata mwanamke akiwa peke yake anakaa bila wasiwasi, mimi nimekaa hivyo.

Haya chakula. Kula kile kinachopikwa mbele yako. Pizza ya Zanzibar inatandazwa na kukaangwa ukiwa umesimama hapo, urojo unamiminiwa wa moto na bajia na kachori zake, juisi ya miwa inakamuliwa na ndimu na tangawizi, hapo hutojuta. Mishkaki ya samaki, kamba na pweza iliyopangwa mezani mingi imeshaiva zamani, inapashwa tu moto ukiagiza, ukiitaka nenda mapema. Na bei uliza kabla hajaweka kitu motoni, maana meza nyingi bei haijaandikwa, inatajwa kwa kukuangalia usoni, mgeni anatajiwa yake na mwenyeji yake. Hilo linaharibu. Nimeona wageni wanapita meza zote haraka haraka wanaogopa hata kusimama kwa vile kila muuzaji anawaita, wakati bei ingekuwa kwenye kibao wangesimama wenyewe wakachagua.

Nyota moja nimeikata kwa hilo na kwa uchafu. Mtu ananunua kwenye meza halafu anaenda kulia ukutani, kwa hiyo vijiti, sahani na vikombe vinabaki palepale alipomalizia, na upepo kidogo tu vishafika baharini. Kuwasema watu hakujasaidia popote, mapipa yasogezwe yafuate walipo walaji, makubwa, yamwagwe usiku huohuo kabla hayajafurika. Na choo kiwe na kibao cha kuelekeza kinachoonekana usiku, mwenye mtoto mdogo anajua namaanisha nini.

Ukienda beba hela ndogondogo, na kama unataka nafasi ukutani fika kabla ya magharibi.