Banda la sungura lenye kizuizi cha kati: maoni ya mnunuzi

Banda hili la mbao, ambalo mafundi seremala wa Dar es Salaam hulitengeneza kwa kuagizwa, lina urefu wa mita 2 na upana wa sentimita 75, na kinacholitofautisha na mabanda mengine ya bei yake ni kizuizi cha waya kinachochomekwa katikati na kuligawa vyumba viwili. Nililinunua kwa shilingi 280,000, bila gharama ya usafiri, ili niwazoeshe sungura wawili wachanga, jike na dume, waliotoka kwa wafugaji tofauti. Kwa kazi hiyo kizuizi kimeniridhisha, ingawa banda lenyewe limedai marekebisho kadhaa.

Sungura ni mnyama anayelinda eneo lake. Mgeni akiingizwa ghafla katika chumba kilichokwisha kushika harufu ya mwenyeji, anaweza kushambuliwa kwa meno na kwa kucha za miguu ya nyuma, hata kama wote wawili bado ni wadogo. Waya ukiwa kati yao, huonana na kunusana bila kudhuriana, na mfugaji hupata nafasi ya kuwabadilishia vyumba, au kuhamisha trei ya choo na nyasi za kulalia kutoka upande mmoja hadi wa pili, mpaka kila mmoja aizoee harufu ya mwenzake. Mwanzoni jike wangu alikuwa akipiga kishindo kwa mguu wa nyuma kila dume aliposogea. Nilizidi kusogeza sahani za majani karibu na waya, na walipofikia kula pua kwa pua bila kushtuka, kisha kulala wakiwa wameuegemea waya huo huo kila mmoja upande wake, ndipo nilipowakutanisha kwa muda mfupi mfupi bafuni, mahali ambapo hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa. Kufukuzana kidogo na kupandana ni jambo la kawaida katika hatua hiyo; wakianza kuzungukana kwa kasi huku mikia imesimama, au kung'oana manyoya kwa vishungi, watenganishwe mara moja.

Kasoro kubwa ya kizuizi ni kwamba kina waya wa tabaka moja wenye matundu ya sentimita 2.5. Pua na mdomo wa sungura mchanga hupenya hapo bila taabu, na mwenzake huweza kuuma. Nimelazimika kuongeza tabaka la pili na kuacha nafasi ya kama sentimita 3 kati ya matabaka hayo, kazi ambayo ingekuwa rahisi zaidi karakana. Tatizo jingine ni mifereji ya mbao ambamo kizuizi huteleza: mvua za masika zilipoanza, mbao zilivimba na kizuizi kikakwama.

Sakafu nayo ni ya waya mtupu, jambo linaloonyesha kwamba fundi alifikiria sungura wa nyama, ambao wafugaji wengi hupenda kinyesi chao kidondoke chini chenyewe. Sungura hana pedi chini ya nyayo, ana manyoya tu, na akikaa juu ya waya siku zote hupata vidonda vya kisigino. Nimetandika ubao na nyasi kavu nyingi. Paa la bati nimelifunika kwa makuti, kwa kuwa joto linalokaribia nyuzi 30 humtesa mnyama huyu.

Siwezi kukubaliana na maelezo niliyopewa na muuzaji kwamba sungura wakishazoeana kizuizi kinaweza kutupwa. Urafiki wa utotoni mara nyingi huvunjika wanapobalehe, na baadhi ya sungura, hasa wa aina ndogo, hubalehe wakiwa na umri wa miezi 3 hadi 4. Jike hubeba mimba kwa takriban siku 31 na anaweza kushika nyingine mara tu baada ya kuzaa. Hata dume aliyehasiwa huweza kutia mimba kwa majuma kadhaa baada ya upasuaji, kwa hiyo kizuizi hurudishwa mahali pake katika kipindi chote hicho, wenzi wakiendelea kuonana na kunusana ili wasisahauliane. Anayenunua watoto wa sungura asitegemee sana neno la muuzaji kuhusu jinsia zao, kwani wakiwa wadogo hivyo ni rahisi mno kukosea; daktari wa mifugo awatazame kwanza.

Banda la ukubwa huo huo lisilo na kizuizi huuzwa kwa bei iliyo chini ya hii kwa shilingi 40,000. Kwa mwenye sungura wawili, ningeshauri aongeze fedha hizo, na kabla ya kulipa malipo ya awali akubaliane na fundi juu ya waya wa matabaka mawili, mifereji ya chuma na sakafu ya ubao.