Nilipeleka Impreza itulizwe, nikarudishiwa bunduki

Naandika huku moyo bado unafukuta, Mungu anisamehe nikivuka mpaka. Mwenye Subaru ya turbo anayetaka kumpelekea gari yule fundi wa mjini Unguja anayechezea kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, kwa laptopu, yule anayesifiwa na kila kijana, anisome kwanza. Jina lake silitaji.

Shida yangu ilikuwa ndogo mno. Impreza yangu ni ya gia za mkono, na ilikuwa inarusha nikiachia mafuta. Mimi naishi Pemba, na anayeijua Pemba anajua barabara zetu ni kupanda na kushuka. Unateremka na gia ya tatu, mguu hauko kwenye mafuta, kompyuta inafunga nozeli zote zinazonyunyiza mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Hilo si kosa, ni neema: petroli haitumiki hata tone, na gari inajizuia yenyewe bila ya kuunguza breki. Kasoro ilikuwa mizunguko ikikaribia 1,500 kwa dakika. Mafuta yanarudi, yanakatwa, yanarudi tena. Ukiwa nyuma ya gari ya ng'ombe, shingo inakwenda mbele na nyuma mpaka mama yangu akakataa kupanda.

Dawa yake naijua, nimesoma na nimeuliza. Unatenganisha mizunguko ya kukatia mafuta na ile ya kuyarudishia, unachelewesha ukataji kidogo, chini ya sekunde moja, usiwe wa ghafla, basi. Nikaipakia gari kwenye meli Mkoani, nikavuka nayo Unguja, nikamweleza fundi hivyo hivyo.

Hakuniinulia hata uso. Alichomeka waya wake chini ya usukani akasema, "Mzee, wewe dereva. Hapa umekuja kwa fundi."

Nilinyamaza. Nilikuwa nimechoka na safari, na watu walikuwa wengi gerejini pale.

Siku ya kuichukua alinitoa kidogo, barabara tambarare, akakanyaga. Wallahi ilivuta! Sijapata kuisikia gari ile ikivuta namna ile, turbo inaingia mapema, haina kigugumizi. Alipoachia mafuta, ekzosi ikapiga pa, pa. Nikamuuliza, hii nini? "Sauti ya spoti hiyo, itapungua." Nikalipa. Ningeshikilia pale pale nisingeyaona yaliyofuata, na hilo linaniuma zaidi kuliko pesa.

Siku chache baadaye, msimu wa karafuu, majamvi yameanikwa pembeni mwa njia, nilikuwa natoka Chake naelekea Mkoani. Nimepita Mtambile, nateremka, mbele nakuta maziko. Jeneza liko mabegani, watu wanapokezana, wanaleta tahalili. Kwetu ukikutana na maiti hupiti kwa kishindo. Nikafanya anachofanya kila mwenye adabu: nikaondoa mguu kwenye mafuta.

Gari ikafyatuka. Pa! Pa-pa-pa! Mfululizo, mteremko mzima. Wabebaji waligutuka, mmoja akateleza, jeneza likayumba, wenzake wakalidaka. Tahalili ikakatika. Mzee mmoja aligeuka akanitazama, akasema taratibu tu, "Mwanangu, hata mbele ya maiti?"

Niliizima pale pale, nikaiacha kando, nikafuata kwa miguu mpaka makaburini. Nilitia udongo pamoja nao. Nilimwomba radhi mwenye msiba na akanipa, lakini sikuweza kumtazama machoni.

Usiku nikampigia fundi. Nilitaraji atasema pole. Akaniambia, "Vijana wananilipa zaidi niwawekee hiyo, wewe nimekupa bure."

Bure! Alichokifanya ni kuzuia mafuta yasikatwe kabisa ninapoachia, kisha akachelewesha moto wa plagi ili mchanganyiko uende ukaungulie kwenye ekzosi. Masega ya kusafishia moshi ndani ya ekzosi niliyakuta hayapo tangu nilipoinunua gari, kwa hiyo hakuna cha kupunguza kishindo. Na kila mlio ule ni joto linalopiga valvu za kutolea moshi na turbo. Kwa mtu wa Unguja mjini anayeachia mafuta mara mbili tatu kwenye taa ni jambo moja. Mimi nateremka milima kila siku. Hakuniuliza napita wapi. Nikamwambia basi nirudishie programu yangu ya mwanzo. "Sikuihifadhi." Akakata simu.

Nilipata kijana hapa Chake, hana gereji, ana laptopu kuukuu tu. Swali lake la kwanza: "Kaka, unapita njia gani kila siku?" Nilitaka kulia. Akapanda nami mpaka Mkoani, ule mteremko wa kushukia bandarini tuliupanda na kuushuka sijui mara ngapi, yeye anatazama kioo cha laptopu, anabadilisha, tunarudi. Mafuta sasa yanakatwa juu ya 1,900, yanarudi 1,400, na moto wa plagi unarejea polepole kabla ya nozeli kufunguka. Nikiteremka nasikia tairi na upepo. Mama amepanda.

Ila sehemu ya juu ya programu, ile ya kuvuta, kijana hakuigusa. Alisema mvuto ule umepangwa vizuri, haoni cha kusahihisha. Na ni kweli. Nilipoanza kuandika nilitaka kusema msiende kwake kabisa. Sasa najikuta nasema yule fundi ana mkono, na anayetaka nguvu tupu atazipata. Labda aende, lakini aandikishe kila kitu, na aondoke na programu yake ya mwanzo mkononi.

Hapana. Nimelikumbuka jeneza lile likiyumba. Msiende. Mtu anayekujibu kuwa amekupa bure jambo usilomwomba, mkono wake una faida gani kwako? Na mimi programu yangu naidai mpaka leo.

Nikifika pale baada ya Mtambile natoa gia kabisa, napita nikiserereka, ingawa najua haitalia tena.