TAHADHARI: dalali kaniuzia nyumba yangu kwa mtu wake

Jamani naandika hii mikono bado inatetemeka. Nyumba yangu nimeuza, na dalali kanipiga mchana kweupe, mimi niliyekuwa nacheka wenzangu.

Siku alipokuja kuikagua alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akapita chumba kimoja kimoja, anagongagonga kuta, anafungua bomba anasikiliza maji, mara akasimama akasema "dada, hii imejengwa na mtu aliyeipenda". Machozi yakanilenga, maana aliyeijenga namjua. Wenzake 2 waliotangulia walitaja bei zinazokaribiana, huyu akataja kubwa kuliko wote papo hapo, na mimi kwa ujinga wangu nikasema huyu ndo anajua thamani. Mkataba akautoa kalamu ishafunguliwa, akaniwekea kidole pa kusaini, nikasaini huku naongea na simu. Kaka akaniuliza umesoma? Nikamjibu vibaya.

Na msiniambie ningejua, mtu kaja na futi ya kupimia, ana picha za nyumba alizouza, ukimpigia anapokea mlio wa kwanza! Kumbe ni mpaka usaini tu.

Kumbe nimesaini miezi 6, yeye peke yake ndo wa kuiuza, na hata mteja nikimpata mwenyewe kamisheni yake iko palepale. Mwezi wa kwanza kimya. Wa pili "soko limelala dada, tushushe kidogo". Tukashusha, tukashusha tena, mpaka tukawa chini ya bei ya wale 2 wa mwanzo. Ghafla akatokea mteja, keshi mkononi, hata kukagua hakagui. Nikauza, nikashukuru na kushukuru.

Juzi jirani ananiambia nyumba yako inatangazwa tena. Nikapiga namba ya kwenye tangazo kama mnunuzi, anapokea nani? YEYE. "Karibu dada." Nikakata. Halafu jirani anaongeza, mbona kuna familia ilitaka kuinunua kwa bei nzuri tu, dalali akawaambia imeshachukuliwa. Ofa hiyo mimi sijaisikia hata siku moja!! Wakili niliyemfuata anasema dalali niliyemwajiri ananitumikia mimi, ofa zote alitakiwa aniletee, na kama mnunuzi ni mtu wake alitakiwa aseme kabla.

Afutiwe leseni kama anayo, ashtakiwe, arudishe kamisheni na hicho cha juu alichokula, na ile sauti yake ya upole aende akawabembeleze nayo mahabusu.

Nyie mnaotaka kuuza, anayetaja bei kubwa kuliko wote muulize ni nyumba gani za jirani zimeuzwa bei hiyo. Mkataba uwe mfupi, na uwe na njia ya kutoka. Ofa zije kwa maandishi. Mnunuzi ana uhusiano gani na dalali, ulizeni, mimi hata jina lake sikulisoma vizuri, nilikuwa natafuta pa kusaini tena.

Kaka najua unasoma hii. Leo usipige.